Meli Ikiwa Gatini Naples: Jinsi ya Kwenda Pompeii Mwenyewe na Kurudi kwa Wakati

Meli za kitalii zinazozunguka Mediterania hushinda Naples, Italia, siku moja tu. Zinafunga gati asubuhi na mapema, jioni zinang'oa nanga. Ofisi ya matembezi melini itakuuzia safari ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi uliozikwa na volkano, kwa basi, pamoja na mwongozaji mwenye kibendera. Si vibaya, ila utalipa mara kadhaa ya gharama halisi, utawasubiri wenzako waliochelewa msalani, na pengine mtapitishwa kwenye duka la vito mlilokuwa hamna haja nalo. Kwa treni ya kawaida unafika pale pale kwa chini ya yuro 5 kila upande.

Ile bei kubwa inakununulia kitu kimoja cha maana: basi la meli likichelewa, meli hulisubiri. Wewe uliyejiendea haikusubiri. Kwa hiyo mpango wote unaanzia kwenye saa, na Pompeii yenyewe lazima uipunguze mpaka itoshe humo. Anayetaka kuuona mji mzima kwa siku ya meli huishia kuuona akikimbia.

Hesabu saa kuanzia mwisho

Chukua ratiba ya siku inayoletwa chumbani usiku uliotangulia, au ifungue kwenye programu ya meli. Usishike saa ya meli kuondoka. Tafuta saa ya mwisho ya abiria wote kuwa ndani, ambayo kwa kawaida hutangulia kuondoka kwa nusu saa au zaidi. Kama wewe ni mfanyakazi wa meli uliyepewa ruhusa ya kushuka, yako iko kwenye ubao wa wafanyakazi, na mara nyingi ni mapema kuliko ya abiria.

Tuseme imeandikwa 17:30, yaani saa 11:30 jioni. Sasa rudi nyuma. Uwe langoni mwa bandari saa 10 jioni. Kutoka stesheni ya treni ya Garibaldi, mjini Naples, mpaka hapo weka dakika 40. Treni kutoka Pompeii huchukua kama dakika 40 nyingine. Kwa hiyo treni yako ni ya karibu saa 8:30 mchana, na uwe jukwaani saa 8:15. Treni za njia hii hupishana kwa takriban nusu saa, hivyo ikifutwa moja bado kuna mbili nyuma yake kabla mambo hayajawa mabaya.

Asubuhi, shuka melini saa 1:30, panda treni ya kwenye saa 2, na uwe mlangoni Pompeii inapofunguliwa saa 3. Kwenye karatasi unabaki na saa tano za kutembea. Toa moja ya foleni, maji, choo na kupotea njia. Nne zinatosha.

Hakikisha pia kwamba saa ya meli inalingana na ya Italia. Kwa kawaida zinalingana, lakini kuna meli ambazo hazigeuzi saa zao kila zinapovuka mpaka wa saa, na simu yako itafuata minara ya nchi kavu. Jambo moja kuhusu simu: ukiwa bado ndani, iache kwenye hali ya ndege. Mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti, na bili yake inaweza kuzidi gharama ya matembezi yenyewe.

Kama meli inakaa saa sita tu, au inafika mchana, achana na Pompeii. Nenda Herculaneum, mji mdogo uliozikwa na volkano ile ile, ambao naueleza karibu na mwisho. Na soma vizuri jina la bandari: safari nyingine husema Pompeii ilhali meli inafunga gati Salerno, au inasimama nje ya Sorrento na abiria hushushwa kwa mashua. Sorrento iko kwenye reli ile ile ninayoizungumzia hapa, ila unakuja kutoka upande wa pili, kwa kama nusu saa. Na palipo na mashua za kushusha watu, ongeza saa nzima kwenye hesabu yako, kwa sababu foleni ya mashua ya jioni haina adabu.

Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Tiketi kwanza. Tangu Novemba 2024 Pompeii haipokei watu zaidi ya 20,000 kwa siku, na tiketi hutolewa kwa jina la mtu. Miezi ya watalii wengi, tiketi hizo hugawanywa kati ya za asubuhi na za mchana. Unaona ugumu ulipo: siku ambayo meli kubwa tatu zimefunga gati Naples, wote wanataka asubuhi ile ile. Nunua mapema kwenye tovuti rasmi ya hifadhi ya Pompeii, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kuna tiketi ya mji pekee, na nyingine ya juu kidogo inayoongeza majumba ya nje ya kuta, likiwemo lile la Villa dei Misteri. Kwa siku ya meli chukua ya mji pekee. Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, na ndiyo sababu ya kuiogopa.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata kama wanashuka kwa saa nane tu. Meli ikitoka Italia, ikapita Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, umetoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Hilo hukaguliwa siku ya kupanda, na anayekosa anaweza kuachwa gatini na mizigo yake.

Je, ubebe pasipoti unaposhuka? Wasafiri wengi husema iache kwenye sefu, chukua nakala. Mimi siafikiani nao, hasa kwa sisi tunaohitaji viza kila tuendako. Ukiachwa na meli, pasipoti ndiyo itakayokupeleka bandari inayofuata. Kama meli haijaishika, ibebe kwenye mfuko wa ndani ya nguo, na picha yake iwe kwenye simu.

Begi liwe dogo. Hayaruhusiwi kuingia mabegi yanayozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15, yatakwenda kwenye chumba cha mizigo, na foleni ya kuchukua mzigo ni dakika ulizozipigania asubuhi. Viatu viwe vya kufunga na soli inayoshika. Kofia pia, kwa sababu mji hauna paa na kivuli ni cha kutafuta.

Kutoka gatini hadi kwenye treni

Naples inakupa bahati ambayo bandari nyingi hazina: meli inafunga gati katikati ya mji. Ukitoka kwenye jengo la abiria la Stazione Marittima, ngome kubwa ya mawe yenye minara mirefu ya duara, Castel Nuovo, iko mbele yako. Nje ya lango utakutana na madereva wanaouliza "Pompei? Vesuvio?" kabla hujavuta pumzi. Mkiwa wanne na bei mmekubaliana kwa safari nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, teksi si wazo baya. Ukiwa peke yako, wapite.

Tembea dakika chache hadi stesheni ya metro ya Municipio. Chukua laini ya 1 kuelekea Garibaldi, shuka kituo cha tatu. Usipande juu barabarani. Fuata vibao vya Circumvesuviana chini kwa chini, kwenye njia ndefu chini ya stesheni kuu ya Napoli Centrale. Hilo ndilo jina la reli ndogo inayozunguka miguu ya mlima Vesuvius, na ina madirisha yake ya tiketi na mageti yake. Hapo hapo nunua ya kwenda na ya kurudi pamoja. Foleni ya kule Pompeii mchana ni ndefu na haina haraka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotelea. Majukwaa ya Garibaldi hupokea treni za njia tofauti zinazofanana kabisa kwa rangi na uchakavu. Yako ni ile iliyoandikwa Sorrento. Unashuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri, jina zima hilo. Treni ya Poggiomarino nayo hupita mahali panapoitwa Pompei Santuario, ambako ni mji wa leo wenye kanisa kubwa, upande wa pili wa magofu. Ukijikuta pale hujapotea sana, lango la uwanja wa michezo wa kale haliko mbali, ila mpango wako wote umegeuka kichwa chini. Reli ya taifa nayo ina stesheni yake iitwayo Pompei tu. Soma ubao, halafu muulize mtu: "Pompei Scavi?" Atakunyooshea kidole.

Treni hujaa. Mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kutoka bandarini hadi Porta Nolana, ambako treni inaanzia, kituo kimoja kabla ya Garibaldi. Pale unapata kiti. Begi livae kifuani, simu isiwe mkononi karibu na mlango. Wezi wa mifukoni wa reli hii wanafanya kazi yao wakati wa msukumano wa kupanda, si wakati wa safari.

Nje ya stesheni ya Scavi kuna meza na vibanda vyenye maandishi ya taarifa kwa watalii, na vijana nadhifu wanaokuuliza kama una tiketi. Wanauza matembezi ya kuongozwa. Wewe unayo tiketi tayari. Salimia, endelea mpaka lango la Porta Marina, dakika chache tu kwa mguu.

Ndani: uone nini, uache nini

Mji uliozungukwa na kuta una ukubwa wa hekta 66 hivi, na theluthi mbili yake imefukuliwa tangu uchimbaji ulipoanza mwaka 1748. Ni mitaa kwa mitaa, si jengo moja. Ushauri wangu ni huu: chukua nusu ya magharibi, fanya mduara, utokee karibu na ulipoingilia. Uwanja mkubwa wa michezo, ulio mwisho kabisa wa mashariki, uache. Najua ni wa karibu mwaka 70 kabla ya Kristo na ni miongoni mwa viwanja vikongwe vya mawe vya aina yake vilivyosalia, na kwamba mwaka 59 baada ya Kristo mashabiki wa Pompeii na wa mji jirani wa Nuceria walipigana humo mpaka Roma ikapiga marufuku mapambano kwa miaka kumi. Kisa ni kitamu kuliko matembezi. Ukitokea upande ule uko mbali na stesheni yako, na kurudi ni dakika 20 au zaidi barabarani juani.

Panda mteremko wa Porta Marina taratibu. Mawe yake yamelainishwa na karne za nyayo, na baada ya mvua yanateleza kama sabuni. Juu utakuta jengo la Basilika, hekalu la Apollo, kisha Foro, uwanja mkuu wa mji, unafunguka, na nyuma ya hekalu la Jupita umesimama Vesuvius wenyewe. Simama hapo dakika tano kabla makundi hayajafika. Mlima huo ndio uliolipuka mwaka 79. Kwa muda mrefu siku iliyotajwa ilikuwa tarehe 24 Agosti, lakini mwaka 2018 maandishi ya mkaa yalipatikana ukutani yakiwa na tarehe inayolingana na 17 Oktoba, na sasa wengi wanaelekea kukubali kuwa yalikuwa majira ya vuli. Kwa saa nyingi mji ulinyeshewa mawe mepesi ya volkano mpaka mapaa yakaanguka. Alfajiri iliyofuata yakaja mawimbi ya gesi na majivu ya moto, na hayo ndiyo yaliyowamaliza waliobaki.

Pembeni mwa Foro, nyuma ya nondo za ghala la kale, kuna mitungi, vyombo na sanamu za jasi za watu waliokufa. Si sanamu zilizochongwa. Miili ilioza ndani ya majivu yaliyoganda ikaacha uwazi, na mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina jasi ndani ya uwazi huo. Kwa hiyo mkunjo wa nguo unaouona ni mkunjo wenyewe. Picha piga, lakini usijipige ukitabasamu mbele yao. Hilo ni ombi langu, si kanuni ya hifadhi.

Toka Foro kwa upande wa kaskazini. Hapo karibu ndipo ulipo mgahawa wa ndani ya magofu, na vyoo, vitumie hata kama huna haja. Bafu za Foro ziko hapo, dari zake bado zimeshikilia. Mtaa unaofuata una nyumba ya mbwa mashuhuri wa mozaiki, yaani picha ya vijiwe, aliyefungwa mnyororo, na maandishi CAVE CANEM, yaani jihadhari na mbwa, kwenye sakafu ya kizingiti. Tazama, pita, usipange foleni ya dakika 15 kwa ajili ya mbwa.

Muda wako upeleke nyumba ya Faun, inayokula kipande kizima cha mtaa, karibu mita za mraba 3,000. Mozaiki ya Aleksanda Mkuu akipigana na Dario, mfalme wa Uajemi, yenye vijiwe zaidi ya milioni moja, iligunduliwa humu mwaka 1831. Inayolala sakafuni leo ni nakala, kama ilivyo sanamu ndogo ya shaba ya Faun, kiumbe wa hadithi aliyeipa nyumba jina. Za asili ziko makumbusho ya akiolojia Naples. Nyumba ya Vettii, hatua chache kutoka hapo, ilifunguliwa tena Januari 2023 baada ya miaka mingi ya ukarabati. Wenyewe walikuwa watumwa walioachwa huru wakatajirika, na kuta zao zinatangaza hivyo bila aibu. Foleni ya hapa inastahili kusubiriwa.

Kisha acha majumba ya matajiri, shuka barabarani utazame chini. Katikati ya njia kuna mawe makubwa yaliyoinuka, ya kuvukia bila kukanyaga uchafu, na kati yake nafasi za magurudumu kupita. Mikokoteni imechimba mifereji kwenye mawe magumu ya volkano, mingine unaweza kuingiza ngumi. Kwenye makutano kuna visima vya mawe vyenye sura iliyochongwa inayotema maji. Angalia ukingo wake kando ya bomba: jiwe limelika, limebaki bonde laini mahali ambapo kila aliyekuja kunywa aliegemeza kiganja. Vingi vinatoa maji safi mpaka leo. Jaza chupa, na mkono wako utaegemea hapo hapo.

Tafuta duka la mikate lenye mawe ya kusagia yaliyobanwa kiunoni, yaliyozungushwa na punda au watumwa, tanuri likiwa nyuma yake. Katika duka moja la namna hii ilikutwa mikate 81 iliyoungua ndani ya tanuri. Pita bafu za Stabian kwenye barabara kuu ya Via dell'Abbondanza, na kaunta za vyakula zenye mashimo ya duara ya kuwekea mitungi. Kutoka hapo geuka magharibi, urudi Foro, utoke. Kama ni saa 7 mchana na bado una nguvu, shuka kwenye kumbi mbili za maigizo kusini. Kama ni saa 7:30, usishuke.

Njiani utakuta milango imefungwa kwa minyororo. Nyumba hufunguliwa na kufungwa kwa zamu, hivyo chukua ramani langoni na usiweke moyo kwenye jengo moja.

Herculaneum kwa wenye saa chache

Treni ile ile ya Sorrento, shuka Ercolano Scavi baada ya kama dakika 20, teremka barabara iliyonyooka kuelekea baharini, kama dakika kumi. Eneo lililofukuliwa ni hekta nne na nusu tu, kwa hiyo saa mbili na nusu zinatosha. Hapa mawimbi ya majivu ya moto yalizika mji kwa kina kikubwa na kuhifadhi kile ambacho Pompeii imepoteza: mbao. Utaona mihimili, milango, hata fremu za vitanda zilizogeuka mkaa. Na chini, kwenye vibanda vya mashua ufukweni, mifupa ya watu kama 300 waliokuwa wakingoja kuokolewa kwa njia ya bahari. Kwa maoni yangu, mwenye magoti mabovu au watoto wadogo aje hapa hata kama meli inakaa kutwa.

Mambo yakienda kombo

Neno moja la Kiitaliano ulijue: sciopero, mgomo. Hutangazwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo litafute pamoja na jina la Circumvesuviana siku mbili kabla ya kufika. Sheria hulazimisha treni chache ziendelee kwa saa maalum tu za siku. Mtego wake ni huo: unaweza kufika Pompeii vizuri asubuhi, halafu saa yako ya kurudi ikiwa nje ya hizo, pasiwe na kitu.

Treni yako ikifutwa na ubao hauonyeshi nyingine, weka kikomo: saa 9 alasiri. Ikifika, usingoje tena. Uliza teksi nje ya stesheni na kubaliana bei kabla ya kupanda. Kwa ajili hiyo tenga noti za yuro ambazo huzigusi kwa jambo lingine. Njia ya pili ni stesheni ya Pompei ya reli ya taifa, kama nusu saa kwa mguu kupitia mji wa leo, yenye treni za kurudi Napoli Centrale.

Na ukiona kabisa hutawahi, piga simu ungali njiani, usisubiri kufika gatini. Kwenye ratiba ya siku, mara nyingi chini kabisa, kuna jina na namba ya wakala wa meli katika bandari hiyo. Ipige picha asubuhi kabla ya kushuka. Yeye ndiye anayezungumza na nahodha, na ndiye atakayekueleza bandari inayofuata. Nauli ya kuifuata meli ni juu yako. Waliofungia pasipoti kwenye sefu hutegemea maofisa wa meli waifungue na kumwachia wakala hati zao kabla ya kuondoka. Aliyebeba ya kwake anakwenda moja kwa moja kukata tiketi.